Mto Ulikuwa Umefungwa: Maisha ya Kasiani Dimoso wa Korongo la Luhangazi

Baba Paroko, Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa kijiji na halmashauri yako, wazee wa ukoo, watani wetu, majirani wa Kilengo na wa bondeni, wageni mliotoka Morogoro mjini na mliotoka mbali zaidi, wakubwa zangu wote shikamooni, Tumsifu Yesu Kristo, na kwa ndugu zetu Waislamu, Asalaam aleikum.

Naitwa Jesca, ni binti wa Chausiku, dada pekee wa marehemu kwa baba na mama, kwa hiyo marehemu ni mjomba wangu, na ndugu wamenipa kazi ya kusoma habari za maisha yake kwa sababu wanasema mimi ndiye niliyezoea kuandika tarehe. Naomba mnivumilie, kwa kuwa karatasi ambazo ndugu walizipitia juzi zilikuwa nne, na hizi nilizoshika leo, Jumamosi tarehe 12 Aprili 2025, ni saba.

Kabla sijaanza ninayo maelezo mawili. La kwanza ni kwamba mama yangu hayupo hapa, na nimesikia watu wakiulizana kwa nini dada haonekani kwenye msiba wa kaka yake, naye hakukosa kwa dharau wala kwa ugonjwa, alipanda Kilengo, kule mlimani juu ya korongo, jana saa kumi jioni, kwa sababu makaburi ya ukoo wetu yako ng'ambo ya mto, jeneza litapita kwenye mdomo wa korongo, na bila yeye kuwa kule juu hatuwezi kuvuka, kama nitakavyoeleza. La pili linamhusu Shukuru, mwongozaji wa wageni, aliyefanya kazi na marehemu kwa miaka kumi na mmoja, ambaye mnamwona amekaa peke yake nje ya uzio, kwa sababu kikao cha ukoo cha Alhamisi tarehe 10 Aprili kiliamua asibebe jeneza, asishike jembe kaburini, na baada ya leo asionekane tena korongoni. Habari za marehemu haziwezi kusomwa bila habari za Shukuru, nitafika huko kwa mpangilio, naomba nisikatishwe.

Marehemu Kasiani Dimoso alizaliwa hapa hapa Luhangazi mwaka 1957, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho. Kadi ya ubatizo inasema tarehe 13 Agosti, lakini hiyo ni siku ya mtakatifu ambaye padre alimpa jina lake, si siku aliyozaliwa, maana bibi alituambia mara nyingi kwamba alijifungua katikati ya masika, wiki ile ile mto ulipochukua daraja la magogo na mkunga akalazimika kubaki ng'ambo akitoa maelekezo kwa kupiga kelele. Marehemu alipoulizwa siku yake ya kuzaliwa alijibu kwamba yeye alizaliwa mto ukiwa umefungwa, na kama serikali inataka tarehe, ikamuulize mto.

Maneno hayo, mto kufunguliwa na mto kufungwa, wageni mnaweza msiyaelewe, na bila kuyaelewa hamtamwelewa marehemu wala kilichompata. Korongo la Luhangazi lina urefu wa kilomita mbili na mita mia tatu, na kina chake mahali penye kina zaidi ni mita sitini na mbili, kipimo ambacho marehemu alikipata mwaka 1981 kwa kamba ya nailoni aliyoifunga fundo kila mita na kuishusha ikiwa na jiwe, na wapimaji walipokuja na vyombo vyao mwaka 2009 wakapata mita sitini na mbili na sentimita arobaini, aliwaambia hizo sentimita arobaini wamwachie yeye, ni urefu wa miguu yake alipokuwa amechuchumaa. Kuta zake ni miamba ya kale sana, iliyopikwa na joto la ardhini kabla hakujawa na mnyama wala mtu, na mto umeukata mwamba huo polepole, kwa mchanga na kokoto tu, mpaka mahali pengine mtu akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili. Humo ndani jua huingia kwa saa mbili au tatu, ndiyo maana kwenye kuta huota yale maua madogo ya zambarau yenye majani ya manyoya, na kuna vyura ambao bado hatuna uhakika na majina yao, na kinyonga mwenye pembe mbili puani, na kaa wa mtoni, ambao nitawataja tena.

Mvua inayojaza korongo hili hainyeshi hapa. Inanyesha juu milimani, upande wa Lukwangule, na hapa langoni, pa kuingilia korongoni, jua linaweza kuwa linawaka na vumbi linatimka, huku maji ya kumuua mtu yameshaanza safari, na kutoka Kilengo hadi langoni maji hayo hutumia dakika hamsini. Wazee wetu walilijua hilo bila saa, wakaweka utaratibu kwamba mwanamume wa ukoo huu haingii korongoni mpaka dada yake aliye juu afungue mto. Sisi ni watu wa tombo moja, yaani tulionyonya ziwa la bibi mmoja, na kwetu ardhi na jina hupita kwa mama, kwa hiyo mto nao ulikuwa mikononi mwa akina mama. Dada akiona anga la Lukwangule ni safi, anatandika kitambaa cheupe juu ya mwamba tunaouita Jiwe la Dada, ulioko Kilengo na unaoonekana kutoka langoni, na mto unakuwa umefunguliwa, na akiona dalili mbaya anakitoa. Kuna sharti moja zaidi, na hili marehemu alilisema kuliko sala, kwamba jiwe lisipoonekana, kwa ukungu au kwa sababu yoyote, hesabu ni kwamba mto umefungwa. Utaratibu huo ulifanya kazi mwaka 1916, wakati wa vita, watu walipojificha kwenye ule ukingo mpana wa mwamba unaoitwa Darini ili wasichukuliwe kubeba mizigo ya wanajeshi, ulifanya kazi tena mwaka 1955, babu yetu alipojificha hapo hapo siku kumi na moja baada ya watu wa Uluguru kukataa kulazimishwa kuchimba matuta, na katika habari zote nilizokusanya sikupata mtu hata mmoja aliyekufa maji korongoni akiwa ameingia kwa ruhusa ya jiwe. Niliandika sentensi hiyo kwenye kibao kilichopo langoni. Niliiandika mimi.

Kuhusu elimu, marehemu alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia Januari 1966 hadi Novemba 1972, akamaliza darasa la saba, na hakuchaguliwa kuendelea na sekondari. Mwaka 1974 alikwenda kukata mkonge, akaacha baada ya miezi mitano, na kuanzia 1975 hadi 1978 alifanya biashara ya karanga kutoka Gairo kuja Morogoro, ambayo hakuipenda, kwa sababu alisema Gairo mtu unaiona mvua inakuja toka asubuhi mpaka jioni, sasa hapo kuna kazi gani ya kufikiri. Mwezi Juni 1979 walikuja wataalamu wa mimea, akachukuliwa kuwabebea mizigo kwa wiki sita, na walipoondoka alikuwa anajua majina ya Kilatini ya mimea arobaini na mitatu, ambayo aliyatamka kwa lafudhi ya Kiluguru, na hakuna profesa aliyewahi kuthubutu kumsahihisha.

Kuanzia 1984 hadi 1998 alikuwa kibarua wa msitu wa hifadhi, akilinda vyanzo vya maji, tarehe 21 Mei 2003 akachaguliwa kuwa katibu wa kamati iliyotenga korongo kuwa hifadhi ya kijiji, na lango lilipofunguliwa kwa wageni tarehe 1 Julai 2011 yeye ndiye aliyekuwa mwongozaji wa kwanza. Aliwakataza wageni kuoga kwa sabuni, kupiga miluzi, na kuingia bwawa la juu wakiwa na viatu. Wapo waliomwona mkali. Mwaka 2016 alimrudisha ofisa mmoja na msafara wa magari manne kwa sababu jiwe lilikuwa halionekani, yule ofisa akamuuliza, "Unanijua mimi ni nani?" naye akajibu, "Nakujua, mkubwa, ndiyo maana nataka urudi nyumbani."

Kuhusu ndoa, marehemu alimwoa Mwanvita, mama yetu huyu, Jumamosi tarehe 8 Oktoba 1983, kwa ndoa mseto iliyofungwa kanisani kwa kibali, kwa kuwa mama ni Mwislamu na ameendelea kuwa Mwislamu mpaka leo, na katika miaka yote arobaini na moja ya ndoa yao Ramadhani ilipofika marehemu alikuwa haonekani akila mchana, ingawa mama anasema vitumbua vilipungua kabatini. Walijaliwa watoto watatu, Mosi, aliyezaliwa tarehe 2 Machi 1985 na sasa ni mwalimu Gairo, Amani, aliyezaliwa mwaka 1987 na kuishi miezi mitatu, na Aisha, aliyezaliwa tarehe 19 Novemba 1989 na ana duka Msamvu. Ameacha wajukuu watano. Mimi pia alinilea kuanzia mwaka 2006, baba yangu alipofariki, alinipeleka shule, na nilipohitimu chuo kikuu mwaka 2021, shahada ya usimamizi wa maliasili, alivaa koti la harusi yake.

Nimefika sasa kwenye ugonjwa na kifo, na kwenye karatasi zile nne sehemu hii ilikuwa na mstari mmoja, usemao marehemu alipata ajali ya maji akiwa kazini. Mzee Ramadhani, mkuu wa ukoo wetu, ndiye aliyenishauri, aliniambia, "Mwanangu, msibani hatufanyi kesi, sema alipata ajali, inatosha," na najua alisema hivyo kwa kunihurumia, kwa sababu yeye alikwisha kuhisi. Lakini mstari huo umeacha pengo, na watu wamelijaza pengo hilo kwa jina la Shukuru, wakisema aliwapitisha wageni kwa tamaa bila kujali onyo la mzee. Naomba niseme ilivyokuwa, kwa saa na dakika, kwa kuwa nilikuwepo, na nisiyoyaona nimewauliza waliokuwepo mmoja mmoja.

Niliajiriwa na kamati ya hifadhi mwezi Machi 2023 kama msaidizi wa kumbukumbu. Nilikuta wageni wakisubiri jiwe kwa muda wa saa tatu hadi nne, wengine wakirudi Morogoro bila kuingia, nikaona utaratibu huu ni mzuri lakini hauna vipimo, kwa hiyo nilifunga kipima mvua langoni na nguzo ya kupimia kina cha maji, na tarehe 3 Februari mwaka huu niliandika Utaratibu wa Kufungua Lango, wenye vipengele sita, ambao kamati iliupitisha kwa sababu mimi niliutetea. Kipengele cha nne kinasema kwamba iwapo jiwe halionekani kwa ukungu, lango linaweza kufunguliwa kama kipima mvua kinaonyesha chini ya milimita tano na maji yako chini ya sentimita arobaini. Marehemu alikisoma, akaniuliza kama kipima mvua changu kina macho ya kuona Kilengo, tukacheka, na tangu siku hiyo akaniita Bibi Milimita. Kwa siku sitini na moja kipengele hicho hakikukosea hata mara moja. Siku hizo zilikuwa za ukavu, masika yalikuwa hayajaanza, na hilo sikuliandika popote.

Jumamosi iliyopita, tarehe 5 Aprili, saa moja na dakika kumi asubuhi, mama yangu aliona wingu jeusi Lukwangule, akakitoa kitambaa. Sisi chini hatukuona, ukungu ulikuwa umelifunika jiwe. Saa mbili na robo walifika wageni tisa, wanafunzi, ambao wamekaa pale na ninawashukuru kwa kuja. Kipima mvua kilionyesha sifuri, nguzo ilionyesha sentimita thelathini na moja. Marehemu akasema, "Tusubiri, jiwe halionekani." Mmoja wa wanafunzi, Kelvin, akamwambia kwa heshima kabisa, "Shikamoo mzee, huu ni ukungu tu, mvua haipo." Marehemu akamjibu, "Marahaba. Ukungu ni pazia, kijana, mimi nataka kujua nyuma ya pazia kuna nani."

Wakasubiri mpaka saa tatu. Hapo Shukuru alinigeukia, akaniuliza maneno ambayo nitayanukuu kama yalivyo, "Dada Jesca, tumfuate mzee au tufuate karatasi?"

Nikasema, "Fuata karatasi, Shukuru. Ndiyo maana tuliiandika."

Hayo ndiyo maneno yaliyofungua lango, saa tatu na dakika tano, na yalitoka kinywani mwangu. Shukuru hakuwapitisha wageni kwa tamaa, aliuliza, akajibiwa na mtu ambaye kamati ilimpa mamlaka ya kujibu. Marehemu aliniangalia, angeweza kunikemea mbele ya wageni wale, na alikuwa na haki hiyo kama mjomba na kama mkubwa wa kazi, lakini alichukua fimbo yake tu, akasema, "Haya, Bibi Milimita. Basi natangulia mimi, maana karatasi haijui kuogelea." Nilifikiri ananitania. Nilibaki langoni nikiandika saa ya kuingia.

Saa nne na dakika kumi na tano, wakiwa wamefika kwenye kona ya mkuyu, mita mia nane kutoka langoni, marehemu alikuwa anawaonyesha yale maua ya zambarau, akanyamaza katikati ya sentensi. Kaa walikuwa wanatoka majini, wanapanda ukutani, na juu ya maji yalikuwa yanapita majani mabichi, yaliyong'oka muda huo huo. Wanafunzi wanasema hakupaza sauti. Alimwambia Shukuru, "Wapandishe Darini. Usikimbie, wakikuona unakimbia watateleza." Shukuru alipanda kwanza, akawa anawavuta mmoja mmoja, marehemu akiwa chini anawasukuma, wanane wakapita, na wa tisa, Jane, mguu wake ulikuwa umenasa kati ya mawe mawili. Marehemu aliinama ndani ya maji, akaunasua, akamwambia, "Panda, mwanangu, kiatu utanunua kingine," akamsukuma, Shukuru akamshika Jane kwa mkono wake wa kulia, akamshika marehemu kwa wa kushoto, na maji yakafika. Daktari aliyemwona Shukuru siku hiyo aliandika kwamba bega lake la kushoto lilichomoka. Bega hilo ndilo jibu lake kwa wote wanaouliza alikuwa wapi mzee alipochukuliwa. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini. Marehemu alipatikana mita mia sita chini, kwenye mizizi ya mkuyu mwingine, akiwa hai, paja limevunjika, maji yameingia mapafuni.

Alifikishwa hospitali mjini Morogoro saa nane na nusu mchana. Jumatatu tarehe 7 Aprili, saa ya kuona wagonjwa, alipata nafuu ya kuzungumza, akaniuliza kama niliandika saa, nikamwambia niliandika. Akauliza, "Dada alikuwa amefungua?" Nikasema, "Hapana, Mjomba, alikitoa kitambaa saa moja na dakika kumi." Akafumba macho, kisha akasema, "Basi mto ulikuwa umefungwa. Waambie watu. Wasije wakasema dada yangu alikosea, wala Shukuru." Nikamuuliza, na mimi? Akasema, "Wewe kale kwanza, umekonda kama fimbo yangu." Alifariki Jumatano tarehe 9 Aprili, saa kumi na dakika ishirini alasiri, kwa nimonia, akiwa na umri wa miaka sitini na saba, au sitini na nane kwa hesabu ya bibi.

Alinituma jambo moja, na Alhamisi kwenye kikao sikulifanya. Nilikuwa mwandishi wa kikao hicho. Lilipotolewa shauri kwamba Shukuru asibebe jeneza, yeye mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni mkono ukiwa umefungwa shingoni, aliniangalia mara moja, akainamisha kichwa, hakunitaja, nami nikaandika uamuzi ule kwa mwandiko wangu, nikaweka namba, nikapiga mstari chini yake. Jana watani walipofika na vituko vyao, mmoja wao, Hafidhi, alichukua fimbo ya marehemu akasimama mlangoni akiwazuia waombolezaji, "Jiwe halionekani, rudini Msamvu mkapande basi," watu wakacheka mpaka mama Mwanvita naye akacheka, halafu Hafidhi akanijia mimi, akaniinamia sikioni lakini kwa sauti ya kusikika na wote, "Na wewe msomi, karatasi yako inasema tulie milimita ngapi?" Watu walicheka tena. Mimi nilijua kwamba mtani amepewa ruhusa ya kusema yale ambayo wengine wanayanyamazia, na kwamba nikiendelea kunyamaza nitakuwa nimemzika mjomba wangu juu ya uongo, na nimemzika Shukuru pamoja naye, akiwa mzima.

Kwa hiyo mbele yenu wote nasema, mto ulikuwa umefungwa. Mama yangu aliufunga kwa wakati. Mjomba alikataa. Shukuru aliuliza. Aliyefungua ni mimi, Jesca, na kipengele cha nne nilikiandika mimi. Mheshimiwa Mwenyekiti, nimekukabidhi nakala ya daftari la lango la siku ile, na kama kuna mahali pa kuitwa nitaitika. Wazee wa ukoo, mlikuwa mmependekeza kwamba baada ya arobaini fimbo ya marehemu nipewe mimi kama mpwa wake, naomba pendekezo hilo mlitafakari upya bila kunionea haya. Na ninaomba, kwa heshima yote, uamuzi wa Alhamisi ufutwe hapa hapa kabla hatujanyanyua jeneza, Shukuru aitwe aje ndani ya uzio, na bega lake la kulia lipewe nafasi ya mbele.

Kwa niaba ya familia ninawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania marehemu siku zote nne, na walionipa kiti nikae karibu naye, majirani wa Kilengo waliokuja kwa miguu, vijana wa bondeni waliomtoa kwenye mizizi na kumbeba kwa machela hadi barabarani bila kumtikisa, wafanyakazi wenzake wa kamati ya hifadhi, watani wetu kwa kuchimba kaburi na kwa ulimi wao, Baba Paroko kwa ibada, na mashehe waliokuja kumfariji mama Mwanvita. Ambao sikuwataja naomba radhi, si kwa kusahau mchango wenu, ni kwamba karatasi zimekwisha.

Limebaki jambo moja la utaratibu. Nilipoandika mstari huu, saa moja na dakika kumi asubuhi ya leo, ukungu ulikuwa umelifunika jiwe, kipima mvua kilionyesha sifuri, na nguzo ilionyesha sentimita ishirini na tisa. Najua Baba Paroko ana misa nyingine, najua Mheshimiwa Diwani anasubiriwa, najua wageni mna safari ndefu. Lakini mama yangu yuko kule juu na kitambaa mkononi, anamsindikiza kaka yake kwa namna pekee aliyopewa, na hatutanyanyua miguu kabla yake, iwe mchana, iwe jioni, iwe kesho.

Mjomba, jiwe halijaonekana. Tumekaa, tunasubiri. Pumzika kwa amani.